Orodha Unganishi Inapokorofisha: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Katika orodha unganishi hakuna njia ya mkato ya kukifikia kipengee cha mia moja. Ni lazima uanzie kichwani na kupita nodi moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila nodi hubeba thamani yake na rejeleo la jirani yake, basi. Ufikiaji huu wa mfuatano ndio unaofanya kuchomeka na kuchomoa vipengee kuwe rahisi, na ndio pia chanzo cha karibu kila kosa linaloelezwa hapa, maana rejeleo moja likielekezwa vibaya, vyote vilivyo mbele yake hupotea au hujirudia. Watafiti Newell, Shaw na Simon waliunganisha nodi kwa namna hii katika lugha yao ya IPL katikati ya miaka ya 1950, na mitego aliyonayo mwanafunzi anayeandika klasi yake ya kwanza ya orodha leo haijabadilika.

Mifano imeandikwa kwa Java. Pale Python, C# au C++ zinapotofautiana nayo, nimetaja. Klasi tunayoizungumzia, `Orodha<T>`, ina sehemu tatu, yaani `kichwa`, `mkia` na `idadi`, na kila `Nodi<T>` ina `thamani` na `inayofuata`.

## Kabla ya kugusa chochote: andika methodi ya ukaguzi

Makosa ya orodha unganishi hujitokeza mbali na mahali yalipozaliwa. Methodi ya kufuta huuharibu mkia kimyakimya, kisha methodi ya kuongeza, ambayo haina kosa lolote, ndiyo inayoonekana kukosea. Anayesoma msimbo wa methodi ya kuongeza kwa saa nzima hataona kitu, kwa sababu hakuna cha kuona pale. Kwa hiyo, kabla ya kurekebisha, ongeza methodi hii na uiite mwishoni mwa kila methodi inayobadilisha orodha:

```java
void kagua() {
    int hesabu = 0;
    Nodi<T> mwisho = null;
    for (Nodi<T> n = kichwa; n != null; n = n.inayofuata) {
        hesabu++;
        if (hesabu > idadi)
            throw new IllegalStateException("nodi zimezidi idadi");
        mwisho = n;
    }
    if (hesabu != idadi)
        throw new IllegalStateException("nodi zimepungua");
    if (mwisho != mkia)
        throw new IllegalStateException("mkia si nodi ya mwisho");
}
```

Methodi hii inasimamia masharti ambayo hayapaswi kuvunjika hata mara moja: idadi ya nodi zinazofikika kutoka kichwani ni sawa na `idadi`, na nodi ya mwisho kufikiwa ndiyo `mkia`. Orodha ikiwa tupu, `kichwa` na `mkia` vyote ni `null`, na ukaguzi unapita bila msimbo wa ziada. Ikiwa nodi zimejifunga duara, ukaguzi hauzunguki milele, kwa sababu hesabu itaipita `idadi` na programu itasimama. Ukaguzi huu hupita orodha nzima kila unapoitwa, hivyo uondoe, au uuzime, kabla ya kupeleka programu kwa watumiaji.

## Dalili: programu inasimama kwa kosa la rejeleo tupu

Katika Java utaona `NullPointerException`, na katika Python utaambiwa kwamba `'NoneType' object` haina sehemu uliyoitaja. Anza kwa kusoma ujumbe wenyewe hadi mwisho. Kuanzia Java 15, ujumbe huo hutaja rejeleo lililokuwa tupu, na mara nyingi taarifa hiyo peke yake inatosha kukupeleka kwenye mstari wenye kosa.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni orodha tupu. Methodi iliandikwa na kujaribiwa kwa orodha yenye vipengee vitatu, na hakuna aliyeuliza `kichwa.inayofuata` ni nini wakati `kichwa` chenyewe hakipo. Kinachofuata kwa wingi ni orodha ya kipengee kimoja, hasa wakati wa kukifuta, na baada yake ni kuvuka nodi ya mwisho kwa hatua moja. Jaribu kila methodi kwa orodha ya vipengee 0, 1 na 2 kabla ya kutafuta jambo gumu zaidi.

Angalia pia mpangilio wa masharti ya kitanzi. Sharti `n.thamani.equals(x) || n == null` huisoma thamani ya nodi kabla ya kuhakikisha kwamba nodi ipo. Swali la kuwapo kwa nodi hutangulia daima. Ikiwa orodha yako inaruhusu thamani tupu, tumia `Objects.equals(n.thamani, x)`, kwa kuwa nodi inaweza kuwapo ilhali thamani yake haipo.

Marekebisho ya kina, ambayo mimi huyapendelea, ni kuweka nodi mlinzi. Hii ni nodi isiyo na thamani inayokaa mbele ya kipengee cha kwanza siku zote. Kwa kuwa sasa kila kipengee kina nodi iliyokitangulia, msimbo wa kufuta kipengee cha kwanza unakuwa uleule wa kufuta kipengee cha katikati, na masharti mengi ya `if` yanaondoka. Ukiichagua njia hii, rekebisha `kagua()` ianze kuhesabu baada ya mlinzi, na kumbuka kwamba mkia wa orodha tupu sasa ni mlinzi mwenyewe, wala si `null`.

## Dalili: vipengee vinapotea

Dalili hii ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi, kwa sababu programu haisimami wala hailalamiki. Inakupa tu jibu pungufu.

Uliza kwanza: je, orodha inakuwa tupu baada ya kuchapishwa au kutafutwa ndani yake? Ikiwa ndivyo, tafuta mstari `kichwa = kichwa.inayofuata` ndani ya methodi ambayo haikupaswa kubadilisha chochote. Aliyeiandika alitaka kutembea juu ya orodha, lakini akakitembeza kichwa chenyewe, na kila nodi aliyoipita ikabaki bila wa kuishika. Tangaza rejeleo la kutembelea, `Nodi<T> n = kichwa`, na utembeze hilo.

Ikiwa vipengee vinapotea wakati wa kuchomeka kipya katikati, tatizo karibu daima ni mpangilio wa mistari miwili. Chukua orodha ya A, B na C, na utake kuchomeka X baada ya A. Mpangilio sahihi ni huu:

```java
mpya.inayofuata = a.inayofuata;   // X inaishika B
a.inayofuata = mpya;              // A inaishika X
```

Sasa ibadilishe mistari hiyo na uifuate polepole kwa kalamu. Kwanza A inaishika X. Papo hapo B imeachwa, kwa sababu A ndiyo pekee iliyokuwa imeishika. Kisha mstari wa pili unaiambia X imshike yule aliyeshikwa na A, na aliyeshikwa na A sasa ni X. Kwa hiyo X inajishika yenyewe, B na C hazifikiki tena kutoka kichwani, na anayetembea juu ya orodha ataizunguka X bila kikomo. Mistari iliyobadilishana nafasi imezaa dalili mbili kwa mpigo. Kanuni ya kufuata ni kwamba nodi mpya hushika kabla ya kushikwa. Chora visanduku na mishale kwenye karatasi kila unapoandika methodi ya aina hii, hata ukiwa na uzoefu wa miaka mingi, na usifute mshale kabla hujajua ni nani mwingine aliyeishika nodi uliyokuwa ukielekea.

Kuna namna ya tatu ambayo hufichika zaidi. Kipengee cha mwisho kinafutwa, nodi iliyokitangulia inaelekezwa kwenye `null` ipasavyo, lakini `mkia` unaachwa ukiishika nodi iliyofutwa. Orodha ikichapishwa wakati huo huonekana nzima kabisa. Kipengee kinachofuata kikiongezwa mwishoni, kitaunganishwa kwenye nodi iliyokwisha kutolewa, na hakitaonekana tena kutoka kichwani. Hapa `kagua()` ndiyo inayokuokoa, maana italalamika kuhusu mkia ndani ya methodi ya kufuta yenyewe. Kosa ndugu lake ni kufuta kipengee pekee kilichopo na kusahau kwamba `kichwa` na `mkia` vyote viwili lazima virudi kuwa `null`.

Kisababishi cha mwisho, ambacho hakijitokezi sana ila kwa wanaoandika methodi za kujirudia (zinazojiita zenyewe), ni kupitisha kichwa kama kigezo na kukibadilisha ndani ya methodi. Katika Java na Python, kigezo hubeba nakala ya rejeleo. Ukikipa rejeleo jipya ndani ya methodi, `kichwa` cha orodha hakisikii habari hiyo. Rudisha nodi mpya kama matokeo na uipokee kwa `kichwa = futa(kichwa, x)`.

## Dalili: kitanzi hakiishi

Angalia kwanza jambo jepesi: je, hatua ya `n = n.inayofuata` ipo, na je, inafikiwa kila mzunguko? Mara nyingi ipo mwishoni mwa kitanzi cha `while`, lakini `continue` iliyo juu yake huiruka. Baada ya hapo, angalia kujishika kwenyewe kulikoelezwa hapo juu. Halafu angalia kama objekti ileile ya nodi imeongezwa mara mbili. Nodi ina sehemu moja tu ya `inayofuata`, hivyo haiwezi kukaa mahali pawili bila kuifunga orodha duara au kukata kipande chake. Klasi ya nodi ikiwa ya faragha ndani ya klasi ya orodha, kosa hilo haliwezekani kutoka nje, na hiyo ni sababu tosha ya kuifanya ya faragha.

Ikiwa huwezi kuitegemea `idadi`, tumia njia inayohusishwa na Robert Floyd, ya sungura na kobe. Marejeleo mawili huanza kichwani, kobe akisogea nodi moja na sungura nodi mbili kila hatua. Sungura akifika kwenye `null`, hakuna duara. Wakikutana tena kwenye nodi moja, duara lipo. Njia hii haihitaji kumbukumbu ya ziada hata orodha iwe ndefu kiasi gani.

Katika orodha ya pande mbili, ambako kila nodi huishika pia iliyotangulia, dalili huwa kwamba kwenda mbele hakuna tatizo, lakini kurudi nyuma kuna kasoro. Kuchomeka nodi katikati hubadilisha marejeleo manne, na linalosahaulika kwa kawaida ni lile la nodi ya kulia kuirudia nodi mpya. Ongeza kwenye `kagua()` sharti kwamba kila nodi yenye jirani wa mbele iwe ndiyo inayoshikwa nyuma na jirani huyo.

## Dalili: hitilafu unapofuta huku ukitembea

`ConcurrentModificationException` huwachanganya watu kwa jina lake, maana hudhani kwamba lazima kuna nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya msimbo inayoendeshwa kwa wakati mmoja. Sivyo. Uzi mmoja unatosha. `LinkedList` ya Java huhesabu mabadiliko yake, na kipitiaji (objekti inayokupitisha kwenye vipengee kimoja kimoja) hukumbuka hesabu ilivyokuwa kilipoundwa. Hesabu hizo zikitofautiana, kipitiaji hukataa kuendelea. Kisababishi cha kawaida ni kuita `orodha.remove(x)` ndani ya `for` inayotembea juu ya orodha hiyohiyo. Omba kipitiaji chenyewe kifute kwa `remove()` yake, au tumia `removeIf`, iliyopo tangu Java 8.

Usiitegemee hitilafu hiyo kama mlinzi wa uhakika. Ukifuta kwa njia hiyo isiyo sahihi kipengee cha pili kutoka mwisho, idadi hupungua kwa moja, kipitiaji hulinganisha nafasi yake na idadi mpya, hudhani kimefika mwisho, na hutoka kwenye kitanzi kwa utulivu bila kukigusa kipengee cha mwisho. Hakuna ujumbe wowote. Nimewahi kutafuta kosa la namna hii nikiamini kwamba msimbo ni salama kwa sababu tu haukuwa ukilalamika, na lilinigharimu siku nzima.

Ukiandika kipitiaji chako mwenyewe, hifadhi nodi inayofuata kabla ya kuifuta ya sasa, na ukatae `remove()` inayoitwa mara mbili mfululizo bila `next()` katikati.

## Dalili: majibu ni sahihi, lakini programu ni nzito

Tafuta kwanza kitanzi cha namba kinachoita `get(i)`. Kwenye orodha ya upande mmoja yenye vipengee 100,000, kila wito huanza upya kichwani, na jumla ya hatua hufikia karibu bilioni 5. `LinkedList` ya Java huanzia upande ulio karibu zaidi, jambo linalopunguza hatua hizo hadi karibu bilioni 2.5, na bado ni nyingi kupita kiasi. Kutembea kwa kipitiaji huchukua hatua 100,000 tu. Marekebisho ni ya mstari mmoja, na tofauti yake huonekana kwa macho.

Kagua pia kama `idadi()` huzihesabu nodi zote kila inapoitwa ndani ya sharti la kitanzi. Itunze `idadi` kama sehemu ya klasi. Kiwango cha C++ cha mwaka 2011 kiliitaka `size()` ya `std::list` ijibu kwa muda usiobadilika. Kabla ya hapo haikulazimika.

Ikiwa hayo yote ni sawa na programu bado ni nzito, jiulize kama orodha unganishi ndiyo unayoihitaji. Kwenye mashine pepe ya Java ya biti 64, kwa mipangilio ya kawaida, nodi moja ya `LinkedList` huchukua baiti 24, ilhali nafasi moja ndani ya `ArrayList` huchukua baiti 4. Zaidi ya hayo, nodi hutawanyika kwenye kumbukumbu, na prosesa haiwezi kuzivuta kwa pamoja kama inavyovuta safu, ambayo vipengee vyake hukaa mfululizo. Usidanganywe na majina pia: `list` ya Python na `List<T>` ya C# ni safu ndani yake, si orodha unganishi.

## Dalili: utafutaji haukioni kipengee kilichopo

Hapa `==` imetumika mahali pa `equals`. Kosa hili hujificha kwenye majaribio kwa sababu Java hutunza objekti za `Integer` za kuanzia −128 hadi 127 na kuzitumia tena, hivyo 100 hupatikana na 1,000 haipatikani. Katika Python kosa lake ni kutumia `is`. Ikiwa `equals` imetumika na bado kipengee hakionekani, huenda klasi ya kipengee haikuandika `equals` yake.

## Dalili: orodha moja ikibadilika, nyingine nayo inabadilika

Tafuta neno `static` mbele ya `kichwa`. Katika Python, tafuta kigezo chenye thamani ya awali ya `[]`, ambayo huundwa mara moja tu na kushirikiwa na kila wito. Kama havipo, methodi ya kunakili imenakili rejeleo la kichwa bila kuunda nodi mpya.

## Dalili: rundo la miito linajaa

Methodi inayojiita yenyewe kwa kila nodi hutumia nafasi kwenye rundo la miito kwa kila kipengee. Kikomo cha kawaida cha Python ni miito 1,000, hivyo orodha ya vipengee 1,500 inatosha kuivunja. Andika kitanzi badala yake, wala usikiongeze kikomo. Katika C++ jambo hili hutokea pasipo mtu kuandika methodi ya kujirudia: nodi ikimiliki inayofuata kwa `unique_ptr`, kuharibiwa kwa kichwa huiharibu ya pili, nayo ya tatu, hadi rundo lijae. Ondoa nodi moja moja kwa kitanzi ndani ya kiharibifu cha klasi ya orodha.

## Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Katika C++, ukiona programu inasimama kwenye mashine moja na kufanya kazi kwenye nyingine, usiendelee kubahatisha kwa kuhamisha mistari. Huenda nodi inasomwa baada ya kufutwa, kama katika `delete n; n = n->inayofuata;`, au orodha imenakiliwa bila kijenzi cha kunakili na nodi zilezile zinafutwa mara mbili. Jenga programu kwa `-fsanitize=address`, au iendeshe chini ya Valgrind; zote mbili ni zana zinazonasa matumizi mabaya ya kumbukumbu. Ikiwa ripoti inaelekeza nje ya klasi yako, mkabidhi kazi hiyo mtu anayeijua programu nzima.

Nyuzi mbili zinapoigusa orodha moja, dalili yoyote kati ya zilizotajwa inaweza kutokea, na haitarudia pale unapoitaka. Nyuzi zote mbili husoma `mkia` uleule, kila moja huunganisha nodi yake, na nodi ya mmoja hupotea. `Collections.synchronizedList` hulinda kila methodi peke yake, lakini kutembea juu ya orodha bado kunakutaka ushike kufuli (kinachoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati) mwenyewe. Kwa foleni, tumia `ConcurrentLinkedQueue`, inayofuata algoriti ya Michael na Scott ya mwaka 1996. Usijaribu kuandika yako isiyo na kufuli kwa ajili ya mfumo unaotumika, hata kama majaribio yote yanapita, kwa kuwa majaribio ya kawaida hayawezi kuthibitisha jambo hilo.

Simama pia, bila kujali ukubwa wa kosa, ikiwa orodha iliyoharibika imekwisha kuandika data za watu kwenye hifadhi. Zima uandishi, chukua nakala ya data jinsi ilivyo, kisha ndipo umwite mtaalamu. Mpelekee mfuatano mfupi kuliko yote wa kuongeza na kufuta unaozalisha kosa, ujumbe wa kwanza wa `kagua()` na si wa mwisho, toleo la lugha unalotumia, na kama ni suala la nyuzi, picha ya hali ya nyuzi zote iliyochukuliwa kwa `jstack` wakati programu imekwama.